Mboga za Kipupwe kwa Chakula cha Kiangazi

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno hayo ni ya kweli, kwani mtu ambaye kila asubuhi hulalamika kwamba mpini ni mfupi au bapa limelika, jua humkuta bado amesimama kando ya shamba. Lakini wahenga hao hawakusema kwamba mchagua mbegu si mkulima. Bali walisema neno jingine, kwamba mpanda ovyo hula ovyo; na anayeyaweka maneno hayo mawili pamoja huona kwamba uvivu ni kuchagua chombo, lakini kuchagua kitakachotiwa udongoni ni nusu ya kazi yenyewe.

Katika nyanda za juu za Kenya, kuchagua huko ni kugumu zaidi katikati ya mwaka. Mwezi wa Machi hakuna haja ya mawazo mengi. Mvua ndefu zinakaribia, majirani wote wamo mashambani, na hata mtu asiyejua kitu anaweza kutazama ng'ambo ya ua na kufanya kama afanyavyo mwenziwe. Lakini miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe. Mawingu hufunika milima, umande hukaa majanini hadi saa nne ya asubuhi, na mvua kubwa zimekwisha. Mahindi yamesimama yakingoja kukomaa. Wengi huona kwamba huo ni wakati wa kukaa karibu na moto. Kumbe mboga zitakazoliwa Desemba, Januari na Februari, wakati jua linapounguza nyasi na bei za sokoni zinapopanda, ni zile ambazo mbegu zake hutiwa kitaluni katika miezi hiyo ya baridi. Atakayengoja mpaka Novemba ili aanze kufikiri, atafikiri akiwa na kikapu kitupu mkononi.

Kuna jambo moja ambalo huwapoteza wasomaji wa vitabu vya kilimo, hasa makarani, ambao huamini sana kilichopigwa chapa. Vitabu vingi vya bustani, na maelezo ya nyuma ya pakiti nyingi za mbegu, viliandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya na Marekani. Huko, Julai ni katikati ya majira ya joto. Mjini London, siku ya tarehe 21 Juni, mwanga wa jua hudumu zaidi ya saa 16. Na mwezi wa Desemba haufiki saa 8. Kwa hiyo mkulima wa Uingereza anapopanda mboga katikati ya majira ya joto, adui yake ni baridi inayokuja. Hutazama kalenda, hukisia siku ambayo sakitu ya kwanza itaanguka, kisha huhesabu kurudi nyuma. Ikiwa karoti zataka wiki 12, hapana budi zipandwe kabla ya katikati ya Julai. Liki huatikwa Julai ili ziliwe wakati wa theluji, na mbegu za kabichi za majira ya kuchipua hutiwa udongoni Julai au Agosti ili ziliwe Aprili ya mwaka unaofuata.

Watu wa huko walijifunza hesabu hiyo kwa shida. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka wa 1939, na meli za chakula zikawa hatarini baharini, Serikali ya Uingereza iliwahimiza watu wa mijini, wakiwamo makarani na wenye maduka, wachimbue bustani zao za maua na viwanja vya michezo ili wapande mboga. Punde ikaonekana kwamba watu wengi walikuwa na mboga za kumwaga wakati wa joto, na wakati wa baridi hawakuwa na kitu. Ndipo wizara ya kilimo ilipotoa vikaratasi vya kuonyesha namna ya kupanga kiwanja kimoja ili kitoe mboga mwaka mzima. Lililowashinda watu wale siku za kwanza ndilo linalowashinda wengi hapa: si kulima, bali kulima leo kwa ajili ya mwezi ambao bado haujafika.

Basi hesabu ya kurudi nyuma ni nzuri, na inafaa kufuatwa Nyeri kama inavyofuatwa London. Lakini miezi yao haiwezi kuletwa hapa kama ilivyo. Nyeri iko karibu sana na mstari wa ikweta, na mchana wake ni wa saa 12, mwaka nenda mwaka rudi, tofauti ikiwa ni ya dakika chache tu. Mkulima wa hapa hahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye theluji. Huhesabu kutoka kwenye jua la Januari. Tena kuna mimea inayofuata urefu wa mchana kama mtu afuatavyo saa ya kazini. Kitunguu ni mmoja wao. Aina nyingi za vitunguu vya Ulaya ya kaskazini hazianzi kufanya kichwa mpaka mchana uwe mrefu kupita saa 14. Zikipandwa karibu na ikweta, hutoa majani mazuri ya kijani, na mwenye shamba hungoja na kungoja, akachimbua shingo nene isiyo na kitunguu. Ndiyo sababu wakulima wa Kenya hutumia aina za mchana mfupi, kama Red Creole na Bombay Red. Mtu asiyelijua jambo hili anaweza kununua pakiti yenye picha nzuri kuliko zote dukani, akapoteza miezi mitano.

Kwa upande mwingine, kukosa mabadiliko hayo kumeleta baraka. Sukuma wiki huko Ulaya hupigwa na baridi, kisha siku zirefukapo hutoa maua na kazi yake ikaisha. Katika nyanda nyingi za Kenya, kwa kuwa baridi haizidi kiasi, mmea huo huendelea kutoa majani mwezi baada ya mwezi, mwenye nyumba akichuma yale ya chini na kuyaacha ya juu yakue. Jina lake lenyewe linaeleza kazi yake: ni mboga ya kumvusha mtu wiki wakati fedha zimepungua.

Ili jambo hili lisiwe la maneno matupu, ifikiriwe nyumba moja ya Kieni, ile nchi iliyo kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Kieni si kama pande za Othaya au Mathira, ambako chai na kahawa husitawi. Milima hiyo miwili huzuia sehemu kubwa ya mvua, na mtu anaweza kusimama uwanjani kwake akaona wingu jeusi likinyesha kwa jirani wa mbali, na kwake lisidondoshe hata tone. Katika nyumba hiyo baba alikuwa karani mjini Nyeri, akirudi jioni. Mama alikuwa mwenye shamba kwa kweli, ingawa hati iliandikwa jina la mume. Na mama mzazi wa karani alikaa nao, mzee mwenye macho makali. Kipande chao cha mboga kilikuwa robo ya ekari. Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka wa 2016, na mtoto wao wa kwanza alitarajiwa kuingia Kidato cha Kwanza mwanzoni mwa mwaka wa 2017.

Karani alikuwa amekwisha piga hesabu. Kabichi zikiatikwa kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande, robo ya ekari itachukua miche kama 2,700. Kila kabichi ikiuzwa kwa shilingi 20 tu, ambayo si bei kubwa, fedha zitakuwa shilingi 54,000. Aliandika hesabu hiyo kwa mwandiko wake wa ofisini, akapiga mistari miwili chini ya jumla, akamwonyesha mkewe baada ya chakula.

"Mama watoto," alisema, "karo hii hapa. Tukitia mbegu kitaluni katikati ya Agosti, tutaatika mwisho wa Septemba, mvua za vuli zizikute, na mwanzo wa Januari tuuze."

Mkewe aliitazama karatasi kwa heshima, kwa kuwa hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Miezi ilikuwa sawa pia. Kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na baada ya kuatikwa huchukua miezi mitatu au zaidi kidogo mahali penye baridi. Kisha akauliza neno moja.

"Baba watoto, na maji yameandikwa wapi?"

Karani alijibu kwamba vuli ingeleta maji. Mama akasema vuli ni mgeni, na mgeni hapangiwi kazi kabla hajafika. Akaomba kalamu.

Hesabu aliyoifanya mama huyo inafaa kujulikana na kila mwenye bustani, kwani ni rahisi. Mboga nyingi zinazokua hutaka maji kama milimita 25 kwa wiki, yawe ya mvua au ya kumwagiliwa. Milimita 25 juu ya meta moja ya mraba ni lita 25. Robo ya ekari ni kama meta 1,000 za mraba, kwa hiyo wiki isiyo na mvua itataka lita 25,000. Debe moja ni lita 20. Basi ni madebe 1,250 kwa wiki, yaani karibu madebe 180 kila siku, Jumapili ikiwamo.

"Mabega ni ya nani?" aliuliza mama. "Wewe uko ofisini. Mzee hawezi kubeba. Watoto wako shuleni, na huyo anayetafutiwa karo ana mtihani mwezi wa Novemba. Tukimtoa masomoni achote maji ili apate fedha za masomo, tumefanya nini?"

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni. Watu huzungumza juu ya kuchagua mboga kana kwamba ni kuchagua kati ya mbegu hii na mbegu ile. Lakini katika nyumba nyingi za wakulima, kuchagua mboga za kiangazi ni kuchagua idadi ya safari za kwenda mtoni, na karibu kila mara anayechagua na anayesafiri si mtu mmoja. Fedha za mavuno huhesabiwa mezani, na uchovu hauhesabiwi popote.

Karani hakukasirika. Alikuwa mtu wa haki, tena alijua kwamba mkewe hakusema hayo ili kumshinda. Walianza hesabu upya, safari hii wakianzia kwenye maji. Chama cha watumiaji wa maji cha kijiji kile kiliwapa zamu siku moja kwa wiki, na bomba lilikuwa na nguvu ya kujaza tangi lao la lita 5,000 siku hiyo. Lita 5,000 kwa wiki, kwa hesabu ya lita 25 kwa meta, ni meta 200 za mraba. Ukiondoa maji kidogo ya kuku na mbuzi, zinabaki meta 180. Basi shamba lao la kiangazi halikuwa robo ya ekari, ingawa hati ilisema hivyo. Lilikuwa meta 180. Hizo nyingine zote zilikuwa za vuli, na za Mungu.

Baada ya kujua ukubwa wa shamba, ndipo waweza kuchagua. Kila mboga iliitwa mbele yao kama shahidi barazani, ikaulizwa maswali: Itachukua siku ngapi? Itavunwa mara moja, au mara nyingi? Ikikomaa na mnunuzi asionekane, itangoja? Na kiangazi kikiwa kikali, itavumilia?

Kabichi ilijibu kwamba huvunwa mara moja, huleta fedha za pamoja, na wanunuzi huijua. Lakini haingoji sana. Ikikomaa na kukaa, hupasuka. Tena wakati wa jua huwindwa na viwavi vya nondo pamoja na vidukari. Ikapewa meta 90, ambazo ni miche 250.

Kitunguu kilijibu kwamba ni mwenye safari ndefu. Hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, na shambani miezi mitatu au minne. Lakini kikiwekwa kitaluni mwanzo wa Julai, hukomaa katika jua la mwisho wa Desemba na Januari, na jua hilo ndilo linalokausha shingo na maganda yake. Kitunguu kilichokauka vizuri, kikatandazwa mahali penye hewa na pasipo unyevu, hungoja mnunuzi kwa wiki nyingi. Mwenye mboga isiyoweza kungoja hupangiwa bei. Mwenye vitunguu huweza kumwambia mchuuzi arudi kesho. Kwa sababu hiyo kikapewa meta 50. Si ajabu kwamba wakati mpango wa kumwagilia maji wa Perkerra, huko Marigat katika Baringo, ulipoanzishwa mwaka wa 1954, vitunguu vilikuwa miongoni mwa mazao yake makubwa; nchi kavu yenye maji ya mfereji ni nchi ya vitunguu.

Nyanya ilikataliwa. Karani aliipenda, maana bei yake huruka juu. Lakini miche ya nyanya katika umande wa Kieni wa Agosti hushikwa upesi na ugonjwa wa ukungu, ule unaoshika viazi pia, na dawa zake hutaka fedha na kupulizwa mara kwa mara. Mama alisema hawezi kuwa mwuguzi wa mimea huku akiwa mama wa watu.

Zilibaki meta 40, ambazo zilifanywa vitanda vinne karibu na jiko, kila kimoja cha upana wa meta moja na urefu wa meta kumi. Hapo karani alidhani hakuna mjadala, ni sukuma wiki tu. Mama mzazi ndiye aliyenyosha mkono.

"Mwanangu," alisema, "sukuma wiki ni nzuri, lakini usiwalishe watoto neno moja kila siku. Nipe kitanda kimoja nitie managu, na pembeni nitie terere."

Karani alicheka kidogo, kwa kuwa katika ujana wake mboga hizo zilionwa kuwa magugu, au chakula cha watu wasio na fedha. Lakini mzee alikuwa na wataalamu upande wake. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga za asili za Kiafrika, na kazi yake imesaidia kuzirudisha katika heshima. Managu, ambayo kwa Kiswahili ni mnavu, na terere, ambayo ni mchicha, zina madini ya chuma na vitamini kuliko kabichi. Tena hazina subira ndefu: terere huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, na managu baada ya wiki sita hadi nane mahali penye baridi. Kitanda kidogo kikichumwa kwa uangalifu hurudisha majani tena. Kwa hiyo vitanda viwili vikawa vya sukuma wiki, kimoja cha spinachi, na kimoja cha bibi.

Sehemu kubwa iliyobaki ya robo ekari iliachwa mpaka Oktoba, ipandwe maharagwe na maboga kwa mvua za vuli. Mbegu za maharagwe zilikuwa zao wenyewe, na za maboga zilikaushwa na bibi kwenye ungo. Mvua ikija, wangeshukuru. Isipokuja, wangekuwa wamepoteza kazi ya siku chache na mbegu ambazo hazikununuliwa. Hii nayo ni hekima ya kuchagua: mbegu ya bei kubwa huwekwa mahali penye maji ya hakika, na mahali penye bahati huwekwa mbegu ambayo mtu anaweza kuipoteza bila kuuza mbuzi.

Kilichotokea baada ya hapo kinakumbukwa na watu wengi wa Kenya. Vuli ya mwaka wa 2016 ilikuwa haba. Katika sehemu nyingi ilichelewa kuja, ikanyesha kidogo, ikakoma mapema. Tarehe 10 Februari, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa. Mifugo ilikufa katika majimbo ya kaskazini, na katika miji mboga zikawa ghali hata kwa watu wenye mshahara.

Katika nyumba ile ya Kieni maharagwe yalichipuka, yakachanua, yakakauka. Maboga machache tu yaliokoka, yale yaliyokuwa karibu na jaa la samadi. Mara mbili zamu ya maji ilirukwa kwa kuwa mto ulipungua, na wiki hizo familia ilimwagilia kwa maji yaliyooshea vyombo na nguo, wakianza na vitanda vya jikoni. Mama alikuwa ametandaza nyasi kavu na mabua katikati ya mistari tangu Oktoba, na jambo hilo dogo lilisaidia kuliko dawa yoyote, kwa sababu jua lilikuta udongo umefunikwa. Katika kabichi 250, karibu 200 zilifaa kuuzwa. Zilikuwa ndogo kuliko zile za picha, lakini ziliuzwa langoni kwa shilingi 50 kila moja, na mchuuzi hakubishana. Vitunguu havikujaza gunia, navyo vikauzwa kidogo kidogo mpaka Machi.

Fedha hizo zote hazikufikia zile shilingi 54,000 za karatasi ya kwanza. Hazikufika hata nusu. Sehemu kubwa ya karo ilitoka katika mkopo wa chama cha akiba ambao karani aliulipa kwa mwaka mzima. Mboga zililipia sanduku, godoro, viatu na sare. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haionekani kwa urahisi. Tangu Oktoba mpaka Machi nyumba hiyo haikununua mboga ya majani hata siku moja, katika miezi ambayo fungu la sukuma wiki sokoni lilipunguka ukubwa na kuongezeka bei. Na yule mtoto alifanya mtihani wake bila kukosa shule hata siku moja kwa ajili ya kubeba maji.

Mtu anaweza kusema kwamba kama vuli ingekuwa njema, karani angekuwa sahihi, na mkewe angekuwa amewanyima fedha. Hilo linawezekana. Lakini vuli ikiwa njema kwa mmoja, ni njema kwa wote; kabichi 2,700 za karani zingefika sokoni pamoja na kabichi za kila karani na kila mkulima aliyepiga hesabu kama yake, na bei ya shilingi 20 ingekuwa ndoto. Watu wa Nyeri wamewahi kuonja uchungu wa kutegemea mnunuzi mmoja na neema moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha kukausha mboga kilijengwa Karatina ili kulisha majeshi, na wakulima wakapanda mboga kwa bidii. Vita vilipokwisha, mlaji aliondoka, na kiwanda kikafungwa. Tangu hapo wazee wengi hawapendi kuona shamba lenye mmea mmoja tu, hata kama hawasemi sababu.

Basi katikati ya mwaka, mwenye bustani anapoketi na pakiti zake za mbegu, yafaa aulize mambo manne kwa utaratibu wake. Kwanza, mboga hii inatakiwa mezani au sokoni mwezi gani? Akishajua mwezi, ahesabu kurudi nyuma: siku za shambani, siku za kitaluni, na wiki mbili za nyongeza kwa ajili ya baridi, maana katika kipupwe mche huenda polepole kuliko pakiti isemavyo. Pili, maji ya hakika ni lita ngapi kwa wiki? Azigawe kwa 25, na jibu ndilo ukubwa wa shamba lake la kiangazi, liwe dogo namna gani. Tatu, zao likikomaa na bei ikiwa mbaya, litangoja au litaoza? Nne, na hili ni la kuulizwa mbele ya watu wote wa nyumba, kazi hii itafanywa na mikono ya nani?

Anayejibu maswali hayo hatapata majibu yale yale kila mwaka, wala majibu ya Kieni hayatakuwa ya Limuru au ya Kitale. Kinangop, ambako sakitu huanguka usiku wa Januari, maboga hayatashukuru. Mwea, ambako joto ni jingi na mfereji uko karibu, nyanya iliyokataliwa Kieni yaweza kuwa mfalme. Hata nyumba ile ya karani ilibadili mpango wake mwaka uliofuata: kitanda cha managu kikawa viwili, vitunguu vikaongezwa, na kabichi zikabaki 250. Meta 180 hazikuongezeka. Lakini karani alinunua mabati mapya ya paa la jiko na mfereji wa kukingia maji ya mvua, na jioni moja ya Julai alionekana akimwuliza mkewe, kalamu mkononi, paa la meta 30 za mraba laweza kujaza tangi mara ngapi kabla ya Januari.

Mkewe alimwambia aandike kwanza mvua ya mwaka mbaya, kisha ndipo aandike ya mwaka mwema.